Mji Mkongwe wa Zanzibar: Mipango mitano na mji uliojijenga wenyewe

Kati ya mwaka wa 1923 na 1994, mji wa Zanzibar uliandaliwa mipango mikuu mitano ya ujenzi. Miwili ya kwanza iliandikwa enzi za Waingereza, wa tatu ukaletwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi, wa nne ukachorwa na Wachina, na wa tano ukaandaliwa kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan wa Utamaduni.

Hata hivyo, mtu anayeingia Mji Mkongwe leo kupitia Darajani na kufuata vichochoro hadi Shangani, hutembea katika mji ambao sehemu yake kubwa ilikuwa imesimama kabla ya mpango wowote kati ya hiyo kuandikwa. Nyumba nyingi zilijengwa katika karne ya 19 na wafanyabiashara, watu wa ukoo wa Sultani na familia zilizojichagulia viwanja vyao zenyewe.

Historia hiyo ina funzo kwa msomaji wa Kenya, hasa yule anayeishi katika miji inayopanuka kwa kasi kama Thika na Ruiru. Inaonyesha kinachoweza kufanywa na ramani ya mji, na kisichoweza kufanywa nayo endapo hakuna mtu mwenye sababu ya kulitunza jengo analoishi.

RASI, HORI NA NG'AMBO

Mji Mkongwe umejengwa juu ya rasi yenye umbo la pembetatu, upande wa magharibi wa kisiwa cha Unguja. Zamani rasi hiyo ilikuwa karibu kutenganishwa na sehemu nyingine ya kisiwa kwa hori la bahari lililojaa na kupwa kwa upande wa mashariki. Waliovuka hori walikwenda "ng'ambo", na neno hilo likabaki kuwa jina la mitaa ya upande wa pili. Darajani nako kulipata jina kutokana na daraja lililokuwa likiunganisha pande hizo mbili.

Mwishoni mwa karne ya 17, baada ya Wareno kufukuzwa, Waomani walijenga ngome mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Ngome Kongwe hiyo ingalipo. Hata hivyo, mji wenyewe ulikua hasa baada ya Sultani Seyyid Said kuhamishia makao yake Zanzibar kutoka Muscat, katika miaka ya 1830 na 1840. Karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watumwa zilileta fedha, na fedha hizo zikageuzwa kuwa nyumba za mawe.

Mwanawe, Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeupa mji huduma za kwanza za pamoja. Alileta maji ya bomba kutoka chemchemi ya Chemchem, nje ya mji, na mnamo 1883 akajenga Beit al-Ajaib, jumba la sherehe lililokuwa refu kuliko majengo yote mjini. Soko la watumwa lilifungwa 1873 chini ya utawala wake, na ujenzi wa kanisa kuu la Kianglikana ukaanza mahali hapo.

MJI USIO NA RAMANI, LAKINI WENYE KANUNI

Ni rahisi kuvitazama vichochoro vya Mji Mkongwe na kusema kuwa huo ni ujenzi holela. Kauli hiyo haielezi jinsi mji ulivyojengwa.

Kanuni ya kwanza ilitokana na vifaa. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za juu zilibebwa na boriti za mikoko. Boriti hizo hazina urefu mkubwa, hivyo upana wa chumba uliishia kwenye mita tatu hivi. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba, na nyumba nzima ni mkusanyiko wa vyumba vya aina hiyo vilivyozunguka ua. Hakuna aliyehitaji sheria ya halmashauri kumwambia fundi ukubwa wa chumba.

Kanuni ya pili ilikuwa ya ujirani. Mlango wa mbele ulielekea njia, ilhali shughuli za familia zilikuwa ndani, penye ua. Baraza za mawe zilizojengwa kando ya milango zilikuwa mahali pa kukaa wageni, wapita njia na wenye kujadili habari za siku. Wafanyabiashara wenye asili ya India walijenga kwa namna nyingine: duka chini, makazi juu, na milango ya mbao iliyofunguka moja kwa moja barabarani. Mitaa ya maduka kama Hurumzi na Mkunazini ilipata sura yake kwa njia hiyo.

Kanuni ya tatu ilihusu umiliki. Nyumba nyingi, misikiti na viwanja viliwekwa wakfu, yaani mwenye mali aliiondoa katika biashara na kuagiza mapato yake yatumike kwa jamaa, kwa maskini au kwa msikiti. Wakfu ulikuwa na msimamizi, na msimamizi alitarajiwa kukarabati. Kwa hiyo, kila paa lilikuwa na mtu wa kuulizwa lilipovuja.

Upande wa Ng'ambo hali ilikuwa tofauti. Huko waliishi watumwa walioachwa huru, vibarua, mafundi na wahamiaji kutoka bara na Komoro. Nyumba zao zilikuwa za udongo na miti, zilizoezekwa kwa makuti, juu ya ardhi ya wengine. Mwenye nyumba alilipa kodi ya ardhi kwa mwenye kiwanja, na mnamo 1928 wakazi wa Ng'ambo waligoma kuilipa. Mgomo huo unakumbukwa kuwa miongoni mwa harakati kubwa za umma mjini Zanzibar kabla ya siasa za vyama.

WAINGEREZA NA MPAKA WA HORI

Zanzibar ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza kuanzia 1890. Agosti 27, 1896, meli za kivita za Waingereza ziliupiga kwa mizinga mji huo katika vita vilivyodumu kwa muda usiofika saa moja, na sehemu ya majumba ya kifalme mbele ya bahari ikabomoka. Baadaye soko la Darajani lilijengwa mwaka wa 1904, na majengo mapya ya serikali yakainuka katika mtaa wa Vuga. Mengi yalichorwa na John Sinclair, ofisa wa kikoloni ambaye alikuwa pia msanifu majengo. Jumba la makumbusho la Beit el Amani, lililofunguliwa 1925, ni kazi yake.

Mpango mkuu wa kwanza ni ule wa Henry Vaughan Lanchester, Mwingereza aliyekuwa amefanya kazi ya mipango miji nchini India. Ripoti yake ya 1923 ilishughulikia bandari, barabara, hori na mgawanyo wa maeneo. Mpango wa pili uliandaliwa na Henry Kendall mwaka wa 1958. Sehemu kubwa ya mapendekezo ya mipango hiyo miwili haikutekelezwa, kwa kuwa fedha hazikuwapo na umiliki wa ardhi ulikuwa na mafundo mengi.

Kilichotekelezwa ni kujazwa kwa hori. Kazi hiyo ilifanyika kwa hatua, hadi maji yakatoweka kabisa katika karne ya 20. Barabara iliyopita ukingoni mwake iliitwa Creek Road, na siku hizi ni Barabara ya Benjamin Mkapa. Ijapokuwa hori lilifukiwa, mpaka ulibaki katika fikira za watawala: upande mmoja mji wa mawe, upande wa pili "wenyeji". Mji ambao wakazi wake walivuka daraja kila siku kwenda kazini, sokoni na msikitini ulichorwa kana kwamba ni miji miwili.

MAPINDUZI NA NYUMBA ZISIZO NA MWENYEWE

Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yaliyageuza mambo. Familia nyingi za Kiarabu na Kihindi zilikimbia au ziliondoka, na serikali ikataifisha nyumba zao. Wapangaji wapya, wengi wao kutoka Ng'ambo, mashamba na Pemba, waliingia katika majumba yaliyokuwa yamejengwa kwa ajili ya familia moja. Nyumba moja ikawa na kaya nne, tano au zaidi, kila moja katika chumba chake.

Kwa waliokuwa wakiishi katika vibanda, hiyo ilikuwa haki iliyochelewa. Lakini kodi ilikuwa ndogo mno kulipia matengenezo, serikali iliyokuwa mwenye nyumba haikuwa na fedha wala mafundi wa kutosha, na mpangaji hakuwa na hati ya kumfanya atumie akiba yake kwenye paa la wote. Maji ya mvua yakaingia darini, boriti zikaoza, kuta zikafumuka. Nyumba ya chokaa haianguki siku moja. Huanza kwa mfereji ulioziba na ufa ambao hakuna aliyeona kuwa ni wake.

Wakati huohuo, nguvu za serikali ya Rais Abeid Amani Karume zilielekezwa Ng'ambo. Kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, nyumba za ghorofa zilijengwa Kikwajuni na Kilimani, na mpango mkuu wa tatu ukaandaliwa 1968. Kutokana na fikira za wakati huo, safu ndefu za maghorofa ya Michenzani zilianza kujengwa, zikipita katikati ya mitaa ya udongo kwa mistari iliyonyooka. Waliohamishiwa humo walipata umeme na maji ya bomba. Walipoteza vilevile ua, bustani ndogo na majirani wa miaka mingi.

Mpango wa nne ulitengenezwa na wataalamu wa China mwaka wa 1982, ukitenga maeneo mapya ya makazi nje ya mji. Watu walijenga kwa wingi katika maeneo hayo, ila wengi hawakufuata ramani. Walinunua viwanja kutoka kwa wakulima na jamaa, wakajenga chumba kwa chumba kadiri fedha zilivyopatikana, na barabara zikapita pale paliposalia nafasi.

HESABU YA NYUMBA KWA NYUMBA

Katika miaka ya 1980 hali ya Mji Mkongwe ilitisha. Baadhi ya majengo yalikuwa yameanguka na mengine yalikuwa yakisubiri masika. Mnamo 1985 serikali iliunda Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mamlaka hiyo ilipewa kazi ya kutoa vibali vya ujenzi na ukarabati, na baadhi ya nyumba za serikali ziliuzwa kwa sharti kwamba mnunuzi azitengeneze.

Mpango wa tano uliongozwa na Francesco Siravo, msanifu majengo kutoka Italia ambaye awali alikuwa ameshiriki kuandaa mpango wa hifadhi ya mji wa Lamu pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ulitofautiana na yote iliyotangulia kwa jambo moja: ulianza kwa kuhesabu. Zaidi ya majengo 1,700 yalikaguliwa moja baada ya jingine, na hali ya kila moja, matumizi yake na wakazi wake vikaandikwa. Mpango ulikamilika 1994, mwaka ambao sheria ya hifadhi ya Mji Mkongwe pia ilipitishwa.

Masharti yake yanahusu mambo ambayo mkazi anaweza kuyaona: urefu wa jengo usiozidi majirani, milango ya kuchongwa isiyong'olewa kwenda kuuzwa, baraza zisizobomolewa, na chokaa badala ya saruji kwenye kuta za zamani. Sharti la chokaa lina sababu ya kiufundi. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na kuutoa. Ukipakwa saruji, unyevu hunaswa ndani na chumvi hula mawe taratibu huku nje pakionekana papya.

Mwaka wa 2000, UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe, eneo la hekta 96, katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Mji wa kale wa Lamu ulifuata mwaka wa 2001.

UTALII: MWOKOZI NA MNUNUZI

Baada ya uchumi kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, wageni walianza kufika kwa wingi. Utalii ulileta kile ambacho mipango minne ilikosa, yaani mtu mwenye fedha na sababu ya kutengeneza paa. Majumba yaliyokuwa magofu yakawa hoteli. Zahanati ya Kale mbele ya bahari ilikarabatiwa kwa fedha za Aga Khan, na bustani ya Forodhani ikafunguliwa upya mwaka wa 2009.

Hata hivyo, fedha hizo zina bei yake. Nyumba inayoweza kuwa hoteli haiwezi tena kupangishwa kwa mwalimu au mvuvi. Duka la nafaka likiwa la vinyago, mama wa mtaa huo hulazimika kwenda mbali kununua mchele. Jumba la Mambo Msiige huko Shangani, lililojengwa katika karne ya 19, liligeuzwa kuwa sehemu ya hoteli ya kimataifa iliyofunguliwa 2015, na ujenzi wa jengo jipya kando yake uliibua wasiwasi wa UNESCO kuhusu ukubwa wake na ufuo wa umma.

Kisa kilichowashtua wengi kilitokea Desemba 25, 2020. Sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib, pamoja na mnara wa saa, iliporomoka wakati wa ukarabati uliogharimiwa na Serikali ya Oman, na wafanyakazi wawili wakafariki. Dalili zilikuwapo, kwani sehemu nyingine ya jumba hilo ilikuwa imeanguka mwaka wa 2012. Jengo hilo lilikuwa maarufu kuliko yote mjini, lilikuwa ndani ya eneo la urithi wa dunia na lililindwa na sheria. Sifa zote hizo hazikuweza kuchukua nafasi ya matengenezo yaliyocheleweshwa kwa miaka mingi.

Mtazamo wa serikali kuhusu Ng'ambo nao umebadilika. Kuanzia 2013, mradi ulioitwa Ng'ambo Tuitakayo, ulioongozwa na idara ya mipango miji ya Zanzibar pamoja na washirika kutoka Uholanzi, uliwauliza wakazi ni mahali gani wanapathamini kabla ya kuchora chochote. Viwanja, visima, maskani na sinema za zamani viliwekwa kwenye ramani. Baada ya karne nzima ya kutajwa kama upande wa pili, Ng'ambo ilianza kuandikwa kuwa sehemu ya mji wa kihistoria.

THIKA NA RUIRU ZIJIFUNZE NINI?

Miji ya Thika na Ruiru haina majumba ya masultani. Thika ilikua kutokana na reli iliyofika huko 1913 na viwanda vilivyofuata. Ruiru ilikuwa mji mdogo wa mashamba ya kahawa, na jina lake linabebwa na Ruiru 11, aina ya kahawa iliyotolewa kwa wakulima mwaka wa 1985 na watafiti wa mji huo. Lakini mvutano kati ya kilichopangwa na kilichojipanga ni uleule.

Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 mjini Ruiru. Ile ya 2019 ilihesabu 490,120, ilhali Thika ilikuwa na watu 251,407. Barabara kuu ya Thika iliyofunguliwa Novemba 2012 iliharakisha mabadiliko hayo. Mashamba ya kahawa yalikatwa kuwa viwanja, na maghorofa ya kukodisha yakasimama. Upande mmoja wa Ruiru kuna Tatu City, mji mpya uliochorwa kabla ya kujengwa. Katika maeneo mengine ya eneobunge hilo, ikiwemo wadi ya Gatongora, kiwanja hununuliwa kwanza, nyumba hujengwa, kisha wakazi huanza kuuliza barabara, mfereji wa majitaka na shule ya umma vitapita wapi.

Zanzibar inaonyesha kuwa kuuliza baadaye ni ghali. Nafasi ya barabara ikishajengwa, hupatikana tu kwa kubomoa, na bomoabomoa huwaumiza waliojenga kwa akiba ya miaka. Inaonyesha pia kuwa ramani nadhifu iliyochorwa ofisini, bila kumjua mwenye kiwanja na mpangaji wake, huishia kabatini. Mpango uliofaa zaidi ni ule ulioanza kwa kupita mlango hadi mlango na kuandika kilichopo.

Kenya ina Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, ambayo inazitaka serikali za kaunti kuandaa mipango ya maeneo yao, kutangaza rasimu na kupokea maoni ya wananchi kabla ya kuidhinisha. Mkazi wa Gatongora au wa Makongeni ana haki ya kuiona ramani ya mtaa wake ikiwa bado ni rasimu, kupinga uchochoro uliofanywa barabara au uwanja uliofanywa ploti, na kudai jibu. Haki hiyo ina thamani zaidi kabla ya msingi wa kwanza kuchimbwa, na wakazi wa Ng'ambo walisubiri takriban miaka 90, kutoka mpango wa Lanchester hadi 2013, kabla ya kuulizwa swali hilo.